Herufi T kwenye sarafu: namna ya kuzitambua fedha za Tabora za mwaka 1916

Kabla ya Wabelgiji kufika, Rumonge na Nyanza-Lac za huku Burundi, pamoja na Kigoma na Dar es Salaam, zote zilikuwa chini ya Mjerumani, na fedha yao ilikuwa moja: rupia. Kwanza rupia iligawanywa kwa pesa 64, na kuanzia 1904 ikahesabiwa kwa heller 100. Sarafu hizo zilikuja kwa meli kutoka Ulaya. Kuanzia mwaka huo zilizochapwa Berlin zilikuwa na herufi ndogo A, na za Hamburg herufi J. Ukiona T, ujue ni ya Tabora.

Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani na meli za fedha zikakoma. Serikali ikatoa noti za dharura zilizochapwa humuhumu nchini, lakini wenyeji wengi hawakuwa na imani na karatasi. Walitaka kitu kinacholia kikidondoka mezani. Hapo ndipo karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, ilipogeuzwa kiwanda cha fedha. Shaba ya njano ilipatikana kwa kuyeyusha vitu kama maganda ya risasi. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke.

Sarafu huzaliwa kati ya mihuri miwili ya chuma: kipande cha madini huwekwa katikati, kisha mashine hugonga. Ulaya mihuri yote ilitoka kwenye kielelezo kimoja, kwa hiyo sarafu zilifanana. Tabora mafundi waliichonga wenyewe kwa mkono, na kila muhuri mpya ukatoka na tofauti zake.

Chukua heller 20. Upande mmoja una taji, mwaka 1916 na herufi D.O.A., kifupi cha jina la koloni kwa Kijerumani. Tazama taji kwanza: kuna kubwa na kuna dogo. Geuza, usome neno HELLER. Ncha za herufi L mbili zinaweza kuwa zimechongoka zote, zimepinda zote, au imepinda L ya pili peke yake. Ukiunganisha taji na L, unajua ni aina zipi mbili za mihuri zilizoizaa sarafu yako. Zipo za shaba ya njano na za shaba nyekundu. Kwa heller 5 angalia kitako cha taji: kuna cha bapa na kuna cha mviringo.

Inayosakwa zaidi ni rupia 15 ya dhahabu, yenye uzito wa gramu 7 hivi. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, upande wa pili tai wa Ujerumani. Inasimuliwa kuwa mihuri yake ilichongwa na sonara Msinhala, mtu wa Seiloni. Zilichapwa zaidi ya 16,000, za aina mbili. Kuzitenganisha, fuata nakshi iliyo upande wa tai hadi ncha yake ya kulia: ama inaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, ama chini ya A ya kwanza.

Elimu hii ya kutambua sarafu kwa mihuri yake haikuanzia kwetu. Senti kubwa za shaba ambazo Marekani ilianza kuzichapa Philadelphia mwaka 1793 nazo zilitoka kwenye mihuri ya mkono. Mwaka 1949 mkusanyaji wa sarafu William Sheldon alitoa kitabu kilichozipa namba aina zake hadi za mwaka 1814, karibu 300 kwa jumla. Wakusanyaji wanazitaja kwa namba hizo mpaka leo.

Kiwanda cha Tabora hakikudumu. Wabelgiji waliingia Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, Juni 1916, Kigoma mwishoni mwa Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba. Huku Burundi, wakati huo ikiitwa Urundi, rupia ikaja kuipisha faranga.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikuta sarafu ya T kwenye kisanduku cha bibi au kwa muuza vyuma chakavu, usiisugue kwa mchanga wala ndimu, maana ikisuguliwa hupoteza thamani. Ya dhahabu usiinunue kabla sonara hajaipima, kwa sababu za bandia ni nyingi. Na kabla hujampa wa kuyeyusha, tafuta mwanga mzuri na kioo cha kukuzia, uangalie taji na zile L mbili.