Sataranji ya kasi

Sataranji ya kasi ni sataranji inayochezwa kwa muda mfupi. Shirikisho la Sataranji la Dunia (FIDE), lililoundwa Paris mwaka 1924, linatambua aina mbili: rapidi, ambapo kila mchezaji hupewa zaidi ya dakika 10 lakini chini ya 60, na blitzi, isiyozidi dakika 10. Anayeishiwa na muda kwa kawaida hushindwa, hata akiwa na kete nyingi zaidi.

Vijana wamepanda haraka katika mchezo huu. Nodirbek Abdusattorov wa Uzbekistan alitwaa ubingwa wa dunia wa rapidi Warsaw mwaka 2021, akiwa na miaka 17. Volodar Murzin wa Urusi aliutwaa New York mwaka 2024, akiwa na miaka 18. Mazoezi ya intaneti huwawezesha kucheza michezo mingi na kuzoea kuamua upesi.

Afrika Mashariki, Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alijulikana kimataifa angali msichana, ingawa kwa sataranji ya kawaida. Sudan Kusini nayo ilishiriki Olimpiadi ya Sataranji ya Chennai, India, mwaka 2022, pia kwa sataranji ya kawaida.