Mahali pa Kukata

Santuri haina koma wala nukta. Kila upande una mfuo mmoja tu, unaoanzia ukingoni na kuzunguka hadi karibu na kitovu, na yote yaliyoimbwa upande huo yamo ndani ya mfuo huo. Zile pete zing'aazo ambazo jicho huziona baina ya wimbo na wimbo ni mahali ambapo mfuo umetanuliwa nafasi, na sauti ikanyamaza kwa sekunde chache. Mpaka wa wimbo, basi, ni kimya tu.

Jambo hili nilifunzwa na sanduku la santuri za marehemu baba, nilipoanza kuzihamishia kwenye kompyuta hapa nyumbani Kirumba, katika Manispaa ya Ilemela. Kazi yenyewe kwa maelezo ni nyepesi. Upande mzima wa santuri hurekodiwa kwa mkupuo mmoja. Kisha programu, nami nilitumia Audacity, huichora sauti mfano wa safu ya milima, na mkataji hutafuta mabonde. Programu inaweza hata kuyatafuta yenyewe: huambiwa kimya kiwe cha kiasi gani na kidumu muda gani, nayo huweka alama. Lakini santuri kuukuu haina kimya. Vumbi na mikwaruzo huyajaza mabonde, programu ikapita pasi na kuuona mpaka; na gitaa likisita ili mwimbaji avute pumzi, hudhani wimbo umekwisha.

Hata hivyo, kukatwa kwa nyimbo zetu hakukuanza na kompyuta. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi. Santuri za wakati huo, zile nzito zivunjikazo kama kauri, zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulibeba dakika tatu au zaidi kidogo. Wimbo ambao barazani uliendelea kadiri ya beti zake na hamu ya wasikilizaji, mbele ya mashine ulipimiwa muda kama kitambaa dukani. Wimbo uliozidi kipimo ama ulipunguzwa beti, ama uligawanywa pande mbili.

Santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi ilipotoka Marekani mwaka 1948, na ile ndogo ya mizunguko 45 mwaka uliofuata, kipimo kilibadilika bali mkasi ulibaki. Katika Afrika Mashariki ya miaka ya 1960 na 1970, muziki wa dansi ulienea kwa hizi ndogo. Bendi za Tanzania zilirekodiwa kwenye kanda za Radio Tanzania, lakini santuri nyingi za bendi hizo zilichapwa Nairobi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, naye alirekodi huko. Wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja. Kwa hiyo mara nyingi beti ziliwekwa upande wa kwanza, sauti ikafifizwa, na magitaa yakaendelea upande wa pili. Wachezaji walisimama katikati ya ukumbi wakingoja santuri igeuzwe.

Kwetu Mwanza santuri hizo zilikuja pia kwa maji, maana meli za ziwa zilituunganisha na Kisumu hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Mpaka wa nchi kavu ulifungwa mwaka huohuo, ukafunguliwa tena 1983. Sanduku la baba linaionyesha tarehe hiyo vizuri kuliko kitabu: baada yake hakuongeza santuri hata moja.

Sasa niseme kosa langu. Nilipomaliza kukata, nilipogoa pia mwanzo na mwisho wa kila wimbo ili kuondoa mikwaruzo, nikafuta rekodi za pande nzima kwa kuokoa nafasi, nikawapelekea ndugu zangu nyimbo zilizobaki. Dada yangu mkubwa alinipigia simu jioni ileile.

“Mdogo wangu, wimbo huu haukuanza hivi. Sindano iliguna kwanza, zikaja ngoma mbili, ndipo gitaa. Ngoma ziko wapi?”

Nilikuwa nimezidhania mikwaruzo. Nikarudi kwenye santuri ili nirekodi upya, nikaikuta imepinda. Niliiacha dirishani, na jua la mchana likafanya kazi yake. Sindano iliruka palepale mwanzoni.

Mtu aliyezoea kufasiri na kunakili tenzi angepaswa kujua mapema. Katika miswada ya hati za Kiarabu, ubeti wa utenzi aghalabu huandikwa kwa mstari mmoja, vipande vyake vikitengwa kwa alama. Mhariri wa hati za Kilatini ndiye aliyevipanga vinne chini kwa chini. Amewasaidia wasomaji wengi, lakini hakuna mhariri mwenye akili aliyeuchoma mswada baada ya kuuchapa.

Ndivyo iwavyo kwa santuri, na ndivyo itakavyokuwa kwa kanda za Radio Tanzania zilizo mikononi mwa TBC. Upande mzima uhifadhiwe kwanza pamoja na miguno yake; mkasi utumike kwenye nakala, nao uache sekunde moja ya ziada mbele na nyuma. Wimbo uliogawanywa pande mbili na uunganishwe kwa ajili ya kusikiliza, lakini nusu zake zibaki kama zilivyo, kwani ule mkato nao ni sehemu ya historia yake.

Nami sasa hufanya hivyo. Zile ngoma mbili zilizosalia ni za dada yangu tu, anapozipiga kwa vidole mezani ili kunionyesha jinsi zilivyokuwa.