Kufundisha Ngoma Toka Mbali

Ngoma ni elimu ya miguu, mikono, macho na masikio kwa pamoja. Tangu kale mtoto alijifunza kwa kusimama nyuma ya mkubwa wake, akatazama nyayo zake na kuzifuata mpaka mwili wake mwenyewe ukazijua. Alipokosea, alishikwa bega akageuzwa. Kwa hiyo mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowakataza watu kukaribiana, somo la ngoma lilipata taabu ya peke yake. Hesabu yaweza kuandikwa katika karatasi ikapelekwa nyumbani kwa mwanafunzi. Ngoma je, itapelekwaje? Swali hili lina umri mrefu, na yafaa tulitazame lilivyojibiwa zamani kabla ya kuupima mwaka ule.

Jibu la kwanza lilikuwa karatasi. Mwaka 1700 mwalimu wa dansi wa Kifaransa, Raoul-Auger Feuillet, alichapisha Paris kitabu kilichoeleza namna ya kuandika dansi kwa alama. Mstari ulionyesha njia ya mchezaji sakafuni, na vialama vilivyochorwa kando yake vilionyesha mguu upi unatangulia, unakunjwa au unageuzwa. Mwaka 1706 Mwingereza John Weaver alikifasiri kitabu hicho, na hivyo dansi iliyotungwa Paris ikaweza kuchezwa London na mtu asiyepata kumwona mtungaji wake. Walakini karatasi haina macho. Haiwezi kumwambia msomaji kwamba goti lake limepinda vibaya. Aliyefaidika nayo alikuwa yule aliyekwisha kufundishwa.

Jibu la pili lilikuwa redio. Mwaka 1934 Ann Driver alianza kuendesha katika BBC, huko Uingereza, kipindi cha shule cha muziki na mwendo wa mwili. Sauti ya mwalimu asiyeonekana ilitoka katika redio pamoja na muziki, na watoto waliokusanyika ukumbini wakatembea, wakaruka au wakajinyoosha kwa kadiri walivyousikia muziki huo. Hapakuwa na maradhi yaliyowatenga. Walikuwa pamoja, na mwalimu wa shule yao alikuwapo kuwaangalia.

Miaka 3 baadaye, redio ilijaribiwa katika shida. Mwaka 1937 ugonjwa wa kupooza, yaani polio, uliingia katika mji wa Chicago, Marekani, na shule zikashindwa kufunguliwa mwezi wa Septemba. Wakuu wa elimu waligawa masomo katika vituo vya redio vya mjini, na watoto zaidi ya 300,000 wakasomeshwa majumbani mwao. Masomo yalikuwa mafupi, ya dakika 15 hivi, na magazeti yalichapisha ratiba. Mazoezi ya viungo nayo yalitiwa katika ratiba hiyo. Hapa twaona tofauti kubwa na ukumbi wa Uingereza: mtoto wa Chicago alijinyoosha peke yake, wala hapakuwa na mwalimu wa kumwona.

Hali hiyohiyo ilirudi mwaka 2020, tena kwa ulimwengu mzima. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi kwamba korona ni janga la dunia. Siku 4 baadaye Kenya ilitangaza kufungwa kwa shule. Madarasa machache yalirudi tarehe 12 Oktoba, na mengine yakangoja mpaka Januari 2021. Walimu wa ngoma katika nchi nyingi waligeukia intaneti. Sasa mwalimu alionekana, naye akawaona wanafunzi wake, kila mmoja katika kidirisha chake. Yaelekea kwamba upungufu wa karatasi na wa redio ulikuwa umeondolewa. Lakini sauti inayopita katika intaneti huchelewa kidogo njiani, na huchelewa kwa kadiri mbalimbali kwa kila mtu. Mazungumzo hayadhuriki sana, ngoma hudhurika. Watoto 10 wakipiga makofi pamoja, mwalimu husikia makofi yaliyotawanyika. Wengi wakalazimika kuzima sauti za wanafunzi, na kila mtoto akacheza bila kuwasikia wenziwe.

Kisa cha Lagos, Nigeria, chaeleza faida na mpaka wa njia hii. Mwaka 2017 Daniel Owoseni Ajala alifungua huko shule ya baleti, naye mwenyewe alikuwa amejifunza mengi kwa kutazama video katika intaneti. Mwezi wa Juni 2020 video ya mwanafunzi wake wa miaka 11, akicheza pekupeku katika mvua, ilienea duniani, na walimu wa ng'ambo wakajitolea kuwafundisha watoto wale kwa intaneti. Hiyo ni faida kubwa. Lakini mtoto yule alikuwa na mwalimu wake karibu tangu awali, na baadaye, ili aendelee, alipewa ufadhili akaenda Uingereza kusoma mahali walipo walimu.

Sasa tuitazame ngoma ya kwetu. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Mwimbaji huongoza, wachezaji hujibu, na watoto huwa na safu yao. Mwaka 2014 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, maana kurithishwa kwake kulikuwa kunadhoofika. Mahali pa kujifunzia isukuti ni arusini, jandoni na mazishini. Na mwaka 2020 mikutano ya namna hiyo ndiyo iliyozuiwa au kupunguzwa. Mtoto wa huko alifungiwa milango miwili kwa siku moja, wa shule na wa uwanja. Hata kama angalikuwa na simu, ni safu ipi angaliingia?

Basi historia hii yatufundisha kwamba hatua za ngoma zaweza kusafiri kwa karatasi, kwa redio na kwa intaneti, lakini kuitikiana hakusafiri. Likija janga jingine, yafaa tutumie vyombo vyote tulivyo navyo kupeleka hatua, na kazi ya kuitikia tuwape waliomo nyumbani: nyanya, mjomba, ndugu wakubwa. Mtu mmoja wa kupiga makofi karibu na mtoto, hata kama kucheza kwenyewe hakujui vizuri, atampa kitu ambacho mwalimu aliye mbali hawezi kumpa.