Swali la Nani: Tumaini la Kikristo Penye Hofu na Msiba Katika Bomachoge

Mjadala wa kitaaluma kuhusu tumaini la Kikristo katika Afrika Mashariki umezoea kuanzia kwenye suala la wakati. Tangu mwanateolojia wa Kenya John Mbiti alipochapisha mwaka 1971 utafiti wake uliolinganisha eskatolojia ya Agano Jipya, yaani mafundisho juu ya mambo ya mwisho, na fikra za Wakamba, wanateolojia wengi wamekuwa wakiuliza kama Mwafrika aliyelelewa kuwatazama wahenga waliotangulia anaweza kweli kuutarajia ujio wa Kristo na uzima usio na mwisho. Swali hilo lina uzito wake, lakini katika vilima vya Gusii, nyumbani kwa Abagusii wa kusini-magharibi mwa Kenya, na hasa katika eneo la Bomachoge lenye mji wa Ogembo, si hilo linalomkosesha usingizi aliyefiwa ghafla. Kabla ya kuuliza marehemu amekwenda wapi au atafufuka lini, huulizwa nani amemuua. Makala haya yanadai kwamba tumaini la Kikristo katika mazingira hayo hupimwa kwa namna linavyolikabili swali hilo la nani, na kwamba mahubiri yanayolikwepa, hata yakiwa sahihi kimafundisho, humwacha muumini mikononi mwa hofu ileile aliyokuja nayo kanisani.

Chimbuko la swali hilo lilielezwa na Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi miongoni mwa Abagusii katikati ya miaka ya 1950, katika insha yake ya mwaka 1963 kuhusu uchawi. Kwa fikra alizozieleza, kifo cha mtu ambaye hajala chumvi ya kutosha hakiji chenyewe, bali kina aliyekileta. Huenda ni omorogi, yaani mchawi, ambaye aghalabu hudhaniwa kuwa mwanamke wa jirani mwenye kutembea usiku. Huenda ni ebirecha, yaani roho za wahenga waliokasirishwa na jamaa waliosahau kuwatolea sadaka. Au huenda ni kiapo kilichovunjwa zamani na mtu wa ukoo. Aliyeamua kati ya uwezekano huo ni omoragori, yaani mpiga ramli, naye akiwataja wahenga kuwa ndio chanzo cha msiba, deni lililipwa kwa mbuzi au kuku, na hakuna binadamu aliyeguswa. Mfumo huo haukuwa mpole, kwa kuwa wachawi waliokisiwa waliteswa hata zamani, lakini ulikuwa na mlango wa kutokea: lawama iliweza kuelekezwa kwa wafu.

Makanisa yaliingia Gusii yakiwa na dawa ya hofu moja tu kati ya hizo. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifika Nyabururu mwaka 1911 na Waadventista Wasabato wakaanza kazi Nyanchwa mwaka uliofuata, miaka michache tu baada ya Waingereza kuwashambulia Abagusii mwaka 1905 na tena mwaka 1908, na kazi yao ilikuwa bado changa pale vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofika mjini Kisii Septemba 1914 na vituo vya misheni vikaporwa. Waadventista walifundisha kwamba wafu wamelala, hawajui lolote wala hawamdhuru aliye hai, hadi siku ya ufufuo. Wakatoliki walifundisha kwamba marehemu wamo mikononi mwa Mungu na kwamba wanachohitaji ni sala za walio hai, si mbuzi wao. Mafundisho haya mawili hayapatani, na waumini wa pande hizo wamekuwa wakibishana juu yake kwa zaidi ya karne moja, lakini athari yake katika jambo hili ilikuwa moja, kwani yote yalimwondoa mhenga katika orodha ya washukiwa. Aliyebaki ni jirani. Huo ni ufafanuzi wa kiteolojia wa historia wala si matokeo ya hesabu, ila unasaidia kueleza kwa nini mahubiri ya karne nzima yamepunguza sana hofu ya wafu na bado hayajaiondoa hofu ya walio hai.

Ushahidi wa hofu hiyo ya pili hauhitaji kutafutwa mbali. Mtafiti Justus Ogembo, katika kitabu chake cha mwaka 2006, alichunguza wimbi la kuwasaka na kuwaua walioshukiwa uchawi lililoikumba Gusii kati ya mwaka 1992 na 1994, akalihusisha si na mila peke yake bali pia na misukosuko ya uchumi na siasa ya nchi katika miaka hiyo. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto katika vijiji vya Kisii. Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa na umati katika kijiji cha Nyagonyi, Marani. Ardhi nayo imo ndani ya habari hii, kwa sababu sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita moja ya mraba, na mjane mwenye kipande cha shamba ambaye wanawe wako mbali hushukiwa kwa urahisi kuliko kijana asiye na kitu cha kurithiwa. Hali inayofanana na hiyo ilijitokeza kusini mwa Ziwa Victoria, katika Usukuma, ambako Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika juu ya mauaji ya vikongwe. Linaloihusu teolojia moja kwa moja ni hili: mauaji ya Gusii yametendeka katika jamii ambayo karibu kila mtu hujitambulisha kuwa Mkristo, na haiyumkiniki kwamba umati wote ule ulikuwa wa watu wasiopata kubatizwa.

Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba watu wa Bomachoge wanahitaji kuhubiriwa zaidi, kwa maana wamehubiriwa. Linalopaswa kuchunguzwa ni kile kinachosemwa katika siku zilizo kati ya kifo na maziko, mwili ukiwa bado mochari, jamaa wakichangishana kulipa bili ya hospitali na kununua jeneza, na uani wageni wakikesha. Katika siku hizo ndipo fununu hupata jina la mtu. Mazishi yenyewe hutoa nafasi kwa msururu wa wasemaji, na ni jambo linalojulikana na kila aliyehudhuria matanga huko kwamba msemaji mmoja mwenye uchungu anaweza kutupa neno la mafumbo kuhusu waliofurahia kifo hiki, na kila aliyepo akajua anayelengwa. Mhubiri akisimama baada yake na kueleza mbingu mpya na nchi mpya bila kuligusa neno lile, anakuwa amelibariki kwa kimya chake. Tumaini alilolitangaza ni la kweli, lakini limepita juu ya vichwa vya watu kama wingu lisilonyesha.

Injili, zikisomwa kwa swali la nani akilini, zina mengi ya kusema kuliko inavyodhaniwa. Katika sura ya 9 ya Yohana, wanafunzi wanapomwona mtu aliyezaliwa kipofu wanataka kujua mkosaji ni yeye au ni wazazi wake, na Yesu anakataa machaguo yote mawili, kisha anageukia kumponya. Katika sura ya 13 ya Luka anatajiwa Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye mwenyewe anaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akikanusha kwamba waliokufa walikuwa waovu kupita wengine na kuwaelekeza waliouliza wajitazame wenyewe. Muhimu zaidi ni sura ya 3 ya Marko, ambamo waandishi kutoka Yerusalemu wanamshtaki Yesu kwamba anatoa pepo kwa nguvu za Beelzebuli, mkuu wa pepo. Kwa lugha ya Gusii, shtaka hilo ni la uchawi. Anayekiriwa kuwa tumaini la ulimwengu aliwahi kusimama mahali pale pale ambapo bibi kizee wa kijijini husimamishwa, na hatimaye akauawa kwa kelele za umati uliokwisha kuamua. Ufufuo wake, kwa maana hiyo, haukuwa tu ushindi juu ya mauti kwa jumla, bali pia hukumu ya Mungu iliyobatilisha hukumu ya umati. René Girard, mwanafalsafa wa Ufaransa, alijenga nadharia nzima juu ya jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu mbuzi wa kafara, akionyesha kwamba jamii zenye hofu hujipatia amani kwa kumtwisha mmoja lawama za wote na kwamba simulizi za mateso ya Yesu hufichua hila hiyo kwa kusimama upande wa aliyetwishwa. Mtu anaweza kutokubaliana na upana wa nadharia yake, inayotaka kueleza karibu kila kitu katika utamaduni wa binadamu, na bado akakiri kwamba kwa mambo ya Gusii imelenga penyewe.

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza hutoka katika Biblia yenyewe, kwani katika sura ya 22 ya Kutoka imo amri dhidi ya mwanamke mchawi, nayo hutajwa vijijini na watu wasioijua amri nyingine yoyote ya sura hiyo. Jibu lake si gumu: sheria ya Musa iliweka pia masharti ya mashahidi wawili au watatu na adhabu kwa shahidi wa uongo, na umati wa usiku wenye petroli hautimizi hata sharti moja kati ya hayo, achilia mbali kwamba Kanisa halijioni kuwa mrithi wa mahakama za Israeli ya kale. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema kwamba uovu upo, kwamba wivu na chuki za jirani huua kweli, na kwamba kumwambia mfiwa aache kuuliza nani ni kumdharau. Laurenti Magesa, padre na mwanateolojia wa Tanzania, alionyesha katika kazi yake ya mwaka 1997 kwamba katika maadili ya Kiafrika uchawi ni jina la kila kinachopinga uhai tele, yaani uhai wa mtu pamoja na jamii yake. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa, lakini ikifuatwa hadi mwisho humgeukia mshtaki, kwa kuwa hakuna kinachopinga uhai wa jamii kuliko kumchoma ajuza nyumbani mwake. Mahubiri ya ukombozi, yaani yale yanayoahidi kumfungua muumini kutoka kwa maadui wa kiroho, yana kosa hapa: kila wiki humhakikishia msikilizaji kwamba ana adui wa karibu aliyemfunga, kisha humwombea alindwe, naye hurudi nyumbani akiwa na ulinzi mmoja na washukiwa watano.

Hata hivyo uchungu hauondolewi kwa kukanushwa. Lawama iliyonyimwa jirani hutafuta pengine pa kwenda, na mapokeo ya Biblia yanapajua mahali hapo. Zaburi za maombolezo, hasa Zaburi ya 88 ambayo humalizikia gizani bila faraja yoyote, humpelekea Mungu mwenyewe malalamiko. Ayubu hufanya vivyo hivyo mbele ya rafiki wanaomtafutia kosa. Na katika sura ya 11 ya Yohana, Martha na Mariamu, mmoja baada ya mwingine, wanamlaumu Yesu wazi kwamba angalikuwapo ndugu yao hangalikufa. Yesu hawakemei. Analia. Paulo naye, anapowaandikia Wathesalonike kuhusu waliolala mauti, hawakatazi kuhuzunika bali anatofautisha huzuni yao na ya wasio na tumaini, na kanisa linalowahimiza wafiwa wakaushe machozi upesi ili waonyeshe imani limemsoma vibaya. Ombolezo ni sala inayodai, na mtu anayeweza kumdai Mungu kwa sauti mbele ya kaburi hana haja kubwa ya kumdai jirani kwa siri. Hapa urithi wa Abagusii, wenye desturi ya kulia hadharani, uko karibu na Zaburi kuliko ibada fupi za mazishi zilizopangwa kwa saa.

Tumaini la namna hii halikosani na ukweli wa hospitali. Milipuko ya malaria katika nyanda za juu za Kisii mwishoni mwa miaka ya 1990 iliwaua watu ambao miili yao haikuwa na kinga ya kutosha dhidi ya ugonjwa huo, na wazee wanaoonekana wakizurura usiku wakiwa wamesahau njia ya kwao mara nyingi wana ugonjwa wa akili wa uzeeni, si ufundi wa usiku. Kumtaja mbu au shinikizo la damu hakumalizi uchungu wa mzazi, ambaye bado atauliza kwa nini mbu yule, kwa nini mtoto huyu. Ila humwondolea jirani mzigo usio wake, na hilo ni tendo la upendo hata kabla halijawa la elimu.

Linalohitajika basi katika mji wa Ogembo na viunga vyake ni uamuzi wa pamoja wa mapadre, wachungaji, wazee wa kanisa na makatekista wa madhehebu yote, ambao waweza kufanywa bila fedha na bila kusubiri serikali. Chanzo cha kifo kilichothibitishwa na daktari kisomwe mazishini kwa ridhaa ya jamaa. Msemaji anayetupa mafumbo ya uchawi azuiwe papo hapo na kiongozi wa ibada. Zaburi ya maombolezo isomwe nzima kabla ya somo la ufufuo. Na kama kuna mzee aliyekwisha kunong'onezwa jina lake, mchungaji aende akae naye mchana kweupe, watu wakiona, tangu siku ya msiba hadi matanga yatakapovunjwa.