Uchujaji wa vikoa kwa viungo

Uchujaji wa vikoa kwa viungo ni njia ya kutafuta majina ya tovuti (vikoa) yanayouzwa au yaliyoisha muda kwa kupima viungo vinavyoelekea kwayo kutoka tovuti nyingine. Msingi wake ni PageRank, kanuni iliyobuniwa na Larry Page na Sergey Brin katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 1990: kiungo huhesabiwa kama kura, na kura ya ukurasa wenye hadhi huwa na uzito zaidi.

Vipimo ni vya aina mbili. Vya wingi huhesabu viungo pamoja na vikoa vinavyovitoa. Viungo 1,000 kutoka tovuti moja ni kikoa kimoja tu. Vya ubora hukadiria hadhi ya watoaji, kama Trust Flow ya kampuni ya Majestic, yenye alama 0 hadi 100. Mnunuzi huweka kiwango cha chini, kisha hulinganisha: Citation Flow, kipimo cha wingi cha Majestic, ya 50 penye Trust Flow ya 5 huashiria viungo vingi visivyoaminika.

Alama hizo si za Google. Machi 2024 kampuni hiyo ilipiga marufuku kufufua vikoa vilivyoisha muda ili kupandisha maudhui duni katika matokeo ya utafutaji.