Meli ya Mizigo Iliyobeba Watu

Tukitaja safina tunamkumbuka Nuhu, aliyepewa muda wa kujiandaa. Meli ya SS Meredith Victory haikupewa. Iliundwa Marekani mwaka 1945 ichukue shehena za vita, na abiria iliwatengea nafasi 12 tu.

Desemba 1950 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yakirudi nyuma mbele ya Wachina, na wakimbizi wa Korea walijaa bandarini Hungnam. Nahodha Leonard LaRue aliagiza wapakiwe wote watakaoenea. Wakashushwa tumboni mwa meli kwa winchi, kama magunia, wapatao 14,000. Hapakuwa na daktari, wala moto, wala chakula cha kuwatosha. Chini yao palikuwa na mafuta ya ndege, na baharini mabomu yametegwa. Pusan ilikuwa imefurika, ikawakataa. Tarehe 26 waliteremka kisiwani Geoje. Hakufa hata mmoja, na watoto watano walizaliwa njiani.

Tunapenda kuuita muujiza, nasi hatukatai. Ila tusiwasahau waliobaki bandarini, na ndugu waliotengana siku zile wasionane tena.

Meli ilivunjwa kuwa chuma chakavu mwaka 1993. LaRue alikuwa ameiacha bahari zamani: mwaka 1954 alijiunga na Wabenedikto huko New Jersey, wa shirika lile lile lililojenga Peramiho na Ndanda kwetu, akaitwa Bruda Marinus. Habari ile hakupenda kuisimulia. Alifariki mwaka 2001. Abasia yake, iliyokuwa imepungukiwa watawa, iliokolewa na Wabenedikto kutoka Korea.