Mrija wa Mto Seine Ndani ya Silinda Hedi

Mwaka 1732, mhandisi Mfaransa Henri Pitot alitumbukiza mrija wa kioo uliopindwa katika mto Seine, jijini Paris, mdomo ukielekea maji yanakotoka. Mkondo ulipokuwa mkali, maji yalipanda zaidi ndani ya mrija. Wahandisi wa enzi hizo waliamini kwamba mto hukimbia zaidi kadiri unavyoshuka chini kuelekea kwenye kina. Mrija ukawaumbua.

Karne iliyofuata Henry Darcy aliuboresha, kisha ndege zikauchukua. Hata leo rubani husoma mwendo wake kwa kifaa cha ukoo huo huo.

Safari ya mrija huo hadi kwenye injini ya gari ina mkono wa Mwingereza Harry Weslake. Weslake, aliyezaliwa 1897, alijijengea jina kwa kupima hewa inayopita kwenye silinda hedi wakati wengi walikuwa wakikisia kwa macho. Alihusika na hedi ya Jaguar XK iliyotoka 1948, na ya injini ndogo ya Austin ya 1951 iliyokuja kusukuma Morris Minor na Mini. Viwanda hivyo vyote vilimezwa na British Leyland, kampuni iliyoungana na serikali ya Kenya mwaka 1974 kuanzisha Leyland Kenya mjini Thika. Leo kiwanda hicho kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Land Rover na malori yalifika hapo kwa vipande, hedi zikiwa zimeshachongwa ng'ambo.

Kupima kwenyewe ni kazi ya subira. Hedi hufungwa juu ya benchi lenye feni ya kufyonza, valvu ikafunguliwa kidogo kidogo, na mrija mwembamba ukapitishwa ndani ya poti, yaani njia ya hewa ndani ya hedi: darini, sakafuni, ubavuni. Shida hujificha kwenye kona fupi karibu na kiti cha valvu. Hewa iendayo kasi hushindwa kuifuata kona hiyo, ikaachana na ukuta na kuzungukazunguka. Anayesaga poti iwe pana tu, bila kipimo, huenda akapunguza kasi ya hewa na kuiacha injini dhaifu kwenye mizunguko ya chini.

Kwa fundi wa Kiganjo, mjini Thika, kuna jambo la ziada: hewa ya Thika, mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Tofauti ya mgandamizo wa inchi 28 za maji, kipimo kinachopendwa na wachonga hedi, huashiria kasi ya karibu mita 107 kwa sekunde pwani, lakini Thika ni karibu 115. Anayetumia jedwali la pwani atapata jibu la uongo.

Tusizidishe umuhimu wa vipimo hivi, hata hivyo. Safari Rally, mashindano ya magari yaliyoanza 1953, ilithamini uimara kuliko farasi wa injini. Mwaka 1963 na tena 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na Peugeot 404 ya Nick Nowicki ikashinda mara zote mbili.

Chombo cha kusomea kipimo cha mrija si cha kutisha: mpira mwangavu uliopindwa mfano wa herufi U, maji yenye rangi, rula. Kosa la kawaida liko kwenye hesabu, kwa sababu maji yakipanda mara nne, kasi ya hewa imeongezeka mara mbili tu.